Pasi Inayotaka Mikono Miwili

Mdogo wangu, aliyenifuata ziwa, alipiga pasi maisha yake yote, hata watu wakamwita Mama Pasi na jina alilopewa na baba likabaki la kuandikia tu. Nasema nilivyomjua mimi. Anayejua zaidi aje aseme yake.

Alifanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha udobi nyuma ya hospitali, sakafu ya saruji isiyokauka. Pasi yake si hii ya mkononi. Ni vibao viwili vya chuma kama mataya: suruali unaitandaza kwenye taya la chini, la juu linashuka na mvuke wake. Na mvuke uliofungiwa kwenye bomba ni mkali kuliko maji yanayochemka sufuriani, maana umebanwa, hauna pa kwenda. Zamani taya lilishushwa kwa pedali yenye mkono mrefu wa chuma. Ukikanyaga kwa uzito wa mtoto, kule mbele linabana kwa uzito wa ng'ombe. Chuma hakiulizi kimebana nini.

Siku moja kikabana mkono wa shoga yake. Mguu wake mwenyewe ulishakanyaga, mkono bado unanyoosha mkunjo. Tangu hapo mdogo wangu akakataa kugusa pedali. Wenzake wakamcheka, eti ameanza kudeka. Akakaa nje kwenye ngazi. Kesho yake akakaa tena, mpaka na wao wakatoka wakakaa naye. Kwetu ukaidi tumezaliwa nao. Mwenye kiwanda akachoka, akaleta pasi za vitufe viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto, vimeachana mbali. Usipovibonyeza vyote kwa pamoja, taya halishuki. Mikono yote ikiwa kwenye vitufe, itaungua vipi? Hakuungua mtu tena pale.

Miaka ikaenda, kiharusi kikampiga. Mguu ukarudi, mdomo ukarudi, mkono wa kushoto ukabaki unaning'inia kama mkono wa sweta. Alikuwa mjane, wanawe wameshika njia zao, na pale kwenye pasi ndipo alipojiona mtu. Akaniomba nimsindikize akajaribu.

Akatandaza suruali kwa mkono mmoja, na mstari wa pasi haukupinda. Akabonyeza kulia. Kimya. Akaunyanyua mkono uliokufa kwa ule mzima, akaubwaga juu ya kitufe cha kushoto; kabla hajarudi kulia, ushateleza. Akarudia. Safari moja ulikaa, lakini kushoto kulikuwa kumetangulia, na pasi ile haikubali kimoja kitangulie. Wenzake wakajifanya wanahesabu mashuka. Msimamizi akasema kwa upole kwamba kazi nyingine ya kumpa hana, hata kukunja mashuka kunataka mikono miwili.

Ndipo yule shoga yake akaja, na vidole vyake vilivyoungana kwa kovu.

"Wewe bonyeza kulia, mimi nitakubonyezea kushoto. Tutakuwa mtu mmoja mnene."

Mdogo wangu akacheka kidogo. Kisha akamuuliza, "Na mkono wako wa pili utakuwa wapi?"

"Nitaushika kiunoni, kama naringa."

"Leo utaushika kiunoni. Mwezi ujao utaona mkunjo, utaunyoosha, na mimi nimeshabonyeza. Hapana, shoga yangu. Nilishakupeleka hospitali mara moja, sikupeleki mara ya pili."

Tukamsihi wote, na msimamizi pia. Akavua aproni kwa meno na mkono mmoja, akakataa kusaidiwa fundo.

Njiani nikamgombeza. Nikamwambia angekubali tu, yule mwanamke ana akili zake. Kwenye kona ya duka la mkaa akasimama.

"Mashine haina kosa, dada. Mimi ndiye niliyeitaka iwe hivyo."



Akahamia chumbani kwangu, akaishi nami mpaka alipofariki. Nguo zake nilimpigia pasi mimi. Alikuwa akizivaa, anapitisha mkono mzima juu ya mstari, na hakuna siku aliyosema nimeunyoosha sawasawa.