Keki Nyepesi ya Baba

Enzi zetu pale Bombambili, mtaa wa Songea, keki ilisikika kabla haijaonekana. Ulianza kusikia uma ukigonga bakuli, ko-ko-ko-ko, na sisi tuliokuwa tunacheza rede uwanjani tuliuacha mpira wa soksi uangukie popote. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Tulikwenda kukaa kwenye kizingiti cha jiko la mama yangu, mikono imekunjwa kama tuko kanisani, tukisubiri bakuli limalize kazi ili tugombanie kulilamba. Mtoto wa siku hizi ukimwambia aombe bakuli la kulamba atadhani umemtukana.

Oveni hatukuwa nayo, wala hatukujua kama ipo. Mama alikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga chini, akaweka ndani yake sufuria ndogo ya keki, akafunika, kisha juu ya mfuniko akapanga makaa ya moto. Moto chini, moto juu. Namna ya kujua keki imeiva ilikuwa pua yake. Alikuwa anaweza kuwa uani anafua, akainua kichwa na kuniambia, "Skola, toa makaa ya juu," na hakuwahi kukosea.

Alikuwa Mmatengo wa Mbinga aliyeolewa na Mngoni wa Songea, baba yangu, fundi seremala. Keki zake zilikwenda kwenye vipaimara, ndoa na ubatizo, na jirani zetu Waislamu walizitaka kwa Idi. Zilikuwa keki nzito. Majarini hakuipima, aliichota tu, sukari ndiyo usiseme. Ukikata kipande kikaanguka mezani, meza ilijua. Mtu akimwambia apunguze kidogo, alikuwa na jibu moja: "Keki ikiwa nyepesi huo ni mkate. Nenda kanunue mkate."

Nilikuwa darasa la tano alipoanguka sokoni. Akalazwa hospitali ya Peramiho, na aliporudi alikuwa amekonda mpaka kanga zinamzunguka mara mbili. Wakasema ni sukari. Sisi watoto hatukuelewa. Mdogo wangu Beno aliuliza kama alikula nyingi kwa mara moja, na mama, badala ya kumcheka, akageuza uso ukutani.

Basi akaacha kuoka. Waliokuja kuagiza alisimama mlangoni akawaambia hapiki tena. Sister wa hospitali alikuwa amemweleza vizuri vya kula na vya kupunguza, lakini yeye aliona amehukumiwa. Akawa anakula ugali kidogo na mboga, kama anayelipa adhabu, na siku nyingine hakula kabisa. Baba akimbembeleza anasema, "Nimeshiba." Siku moja nilimkuta ameiweka ile sufuria ya keki nje, karibu na lango. Nilipomuuliza akasema, "Apite mwenye kuihitaji aichukue. Nipike kitu nisichoweza kuonja?"

Baba aliirudisha ndani.

Sasa lazima nieleze baba alikuwa mtu wa namna gani. Mwanaume wa enzi zile jikoni aliingia kutafuta moto wa kuwashia sigara, akatoka. Baba yangu chai hakujua inachemshwaje. Mama akisafiri kwenda kwao Mbinga tulikula mihogo ya kuchoma na ndizi mpaka arudi. Lakini Krismasi ilipokaribia alipanda basi kwenda Peramiho kumchukulia mama dawa, na alikawia. Aliporudi alikuwa na dawa mfuko mmoja, na mfuko mwingine una ndizi zilizoiva mpaka ganda limepata madoa meusi, pamoja na masuku. Ulikuwa msimu wa masuku. Watoto wa Songea wanajua utamu wa tunda lile la porini, ulaini wake na zile kokwa za kufyonza.

Akatuita uani, mimi na Beno, akanong'ona kama mtu anayepanga kuiba. "Nimemuuliza sister. Anasema mama yenu hakukatazwa keki. Amekatazwa keki ile. Ikipungua sukari, ikipungua majarini, tukatia matunda, anaweza kula kipande chembamba. Kimoja. Nyinyi mmekaa kwenye kizingiti kile miaka yote. Anaanzaje?"

Tulimwambia tunavyojua. Kumbe tulijua zaidi namna ya kulamba bakuli.

Keki ya kwanza ilitoka nyeusi chini na mbichi katikati. Baba aliigonga kwa kidole, ikalia kama ubao wa mninga. Tuliwatupia kuku. Jogoo akaja, akaitazama kwa jicho moja, akaenda zake. Beno alicheka mpaka akalala chini. Baba hakucheka. Alinawa mikono, akajifunga kanga ya mama kiunoni maana suruali ilikuwa imejaa unga, akasema, "Hata kiti cha kwanza nilichotengeneza kilimwangusha mtu. Leteni mayai mengine."

Hapo ndipo alipofika baba mdogo Kosmas, mdogo wake. Alisukuma lango, akaona kaka yake amechuchumaa mbele ya jiko na kanga ya maua, unga mpaka kwenye nyusi. Hata shikamoo akaisahau.

"Kaka," akasema, "umeolewa?"

"Siku nyingi," baba akajibu bila kuinua kichwa. "Ila mume wangu anaumwa."

"Mimi sitanii. Lango liko wazi, watu wanapita. Kesho mtaa mzima utasema mkubwa wetu anapikishwa."

"Wataongopa?"

Baba akamnyooshea bakuli. "Ponda ndizi hizo. Na ukiona aibu, kafunge lango. Mimi sifungi."

Baba mdogo alitazama lango, akatazama ndizi. Akakunja mikono ya shati, akaponda. Lango likabaki wazi, na ni kweli watu walipita, wengine mara mbili mbili kwa njia ambayo haikuwa yao.

Baba alianza kupiga mayai. Aliyapiga kama anayesukuma randa, kwenda na kurudi, yakaruka mpaka kwenye masikio ya Beno. Na wakati ule ule, kutoka chumbani ambako mama alikuwa amelala tangu asubuhi, tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu.

"Mayai hayapigwi hivyo!"

Wote tukageuka. Mlango ukafunguka. Mama akasimama, amejitanda kanga mabegani, akamwangalia baba kuanzia unga wa nyusi mpaka kanga ya kiunoni. Nilidhani atalia. Akasema, "Unayazungusha. Mkono ulegee. Unayachapa yamekukosea nini?"

"Nielekeze," baba akasema.

"Na hayo masuku mtayatia na kokwa zake? Skola, leta chujio, uyakamue. Kosmas, hizo ndizi bado zina mabonge, shemeji yangu, ponda kama unalipwa." Alikuwa bado ameshika mlango, lakini tayari yule mama wa zamani alikuwa ameingia jikoni. Akauliza sukari imetiwa kiasi gani. Baba akamwonyesha kijiko. Mama akaguna. Akafikiri. Kisha akamtuma Beno chumbani kwenye kikopo cha kahawa iliyotoka kwao Mbinga, ile ambayo bibi alikuwa anaikaanga na kuitwanga mwenyewe. Akachemsha kidogo, nzito na nyeusi, akaimimina kwenye rojo.

"Uchungu wa kahawa utaufanya ulimi uyatafute matunda," akasema. "Utayapata, na hautakumbuka sukari."

Alipanga makaa kwa mkono wake. Baba alitaka kumsaidia, akamsukuma kwa kiwiko.

Ilipoiva harufu yake haikuwa ile ya siku zote. Ilikuwa na kahawa, na ndizi, na kitu cha porini kilichotoka kwenye masuku. Iliinuka, ikapasuka juu katikati kama inacheka. Baba alikata kipande chembamba, akakiweka kwenye sahani ya wageni, akampa mama kwa mikono miwili. Tukasimama tumemzunguka, baba mdogo naye, ndizi bado ziko vidoleni. Mama akauma. Akatafuna polepole na macho ameyafumba.

"Ni nyepesi," akasema.

Tulilijua lile neno lake la mkate.

Akauma tena. Akamaliza, akakusanya na makombo kwa kidole. "Ni nyepesi," akarudia, "lakini ni keki." Akanyoosha sahani aongezewe.

"Sister alisema kimoja," baba akamwambia.

"Huyo sister alijua itakuwa tamu hivi?"

Tukacheka wote, na mama akacheka kuliko sisi. Hakuongezewa. Usiku ule alikula ugali wake na samaki bila kubembelezwa, na asubuhi nilimkuta anaiosha sufuria ya keki kwa mchanga na majivu.

Shuleni tulipofungua niliringa kupita kiasi. Niliwaambia wenzangu kwamba baba yangu ameoka keki. Walicheka, mmoja akaniuliza kama mama ndiye anayepiga randa. Nilimjibu kwamba baba yake yeye hajui hata chumvi inakaa wapi, na ilikuwa kweli. Sijawahi kuona aibu kwa jambo lile, wala jana, wala leo. Mama akarudi kwenye kazi yake kwa namna mpya. Wateja wa kwanza walinung'unika kwamba keki imepungua, lakini baada ya muda wakaanza kuja wazee wenye sukari na presha, wakiagiza "ile ya mke wa fundi". Na mara moja moja, mwanaume fulani wa mtaani, ambaye mkewe anaumwa, alikuja karakana kwa baba akijifanya anauliza bei ya kitanda, akazungukazunguka, mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hivi mayai unapigaje?"

Leo mimi ni mama mwenye nyumba yangu hapa hapa Songea, na oveni ya umeme ninayo, na mashine ya kupiga mayai pia. Naoka keki ile ile ya matunda na kahawa, na inaiva sawasawa pande zote bila mtu kutoka jasho. Wanangu wanaipiga picha kabla hawajaila. Wakati wa sikukuu huagiza nyingine kwa simu, zenye krimu ya buluu na ya zambarau, nzuri kuangalia kama gauni la harusi, na zinaletwa mlangoni zimefungwa kwenye boksi. Sikatai, dunia imekuwa rahisi. Ila nyumba imekuwa kimya. Hakuna anayegonga bakuli, hakuna watoto wa jirani mlangoni.

Baba ametangulia mbele ya haki. Mama yupo. Ameishi na sukari yake miaka yote hiyo, na bado ana macho yake na miguu yake yote miwili, na kila Jumapili anakwenda kanisani kwa miguu, fimbo kaishika kwa heshima tu. Wiki iliyopita alipita nyumbani kwangu akitoka misa, akawakuta wajukuu zake wawili, vijana wenye misuli, wamekaa barazani wanasubiri bodaboda iwapeleke dukani, duka ambalo ukiwa barazani unasoma maandishi ya ukutani kwake.

Aliwaangalia. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Skola, hawa nao wanategemea kuzeeka?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka, tukacheka wawili. Yeye ndiye aliyeacha kwanza. Akatazama kile kiti kitupu pembeni yangu, kazi ya mikono ya baba, akasema, "Baba yako angekipenda kicheko hiki," akaendelea na safari yake.