Mkono Chini ya Kigoda

Siku moja ya kiangazi naikumbuka hata leo, mwanangu, ingawa mengi yamenitoka. Nilikuwa seremala kijana hapa Kamina, na nilijua kuzeesha mbao, mpya ionekane ya kale.

Mke wa askari wa kambini alikuja kwangu, uso umemshuka. Mama mkwe wake alikuwa amemwachia kigoda akitunze, na mchwa wakakila kutoka chini, kimya kimya, kama kawaida yao. Sasa mama huyo alikuwa njiani, anakuja na treni kutoka Bukama. Akikikosa, alisema yule mke, ataona mwanawe ameoa mtu asiyeweza kutunza hata kiti.

Akaniomba kingine kinachofanana nacho, nikakichonga. Nikakipiga kwa mnyororo wa baiskeli, nikakisugua kwa kipande cha tofali, nikakiosha kwa chai nzito, nikakitundika juu ya moshi, mwisho nikakipaka mawese. Kilipokuwa tayari, hata mimi ningekiita babu.

Nilikipeleka mwenyewe. Mama mkwe alifika amechoka na safari, akakikalia karibu na moto. Kisha akapitisha vidole chini ya kigoda.

“Fundi, hii haiko kiti yangu,” akasema, akiitazama mikono yangu yenye vumbi la mbao. “Kila asubuhi nilikuwa naivuta ku moto. Huku chini kulilika na vidole vyangu. Weye ulizeesha kwenye macho inaona tu.”

Mkwewe akalia, akaeleza habari ya mchwa. Nikangoja matusi. Hayakuja.

“Ulikuwa unaniogopa hivyo, mwana wangu?”

Moto ulikuwa unafifia. Yule mama akainama polepole, akakishika kigoda kwa chini, akakivuta mbele kidogo.

“Iache ikae. Nitaivuta tena kila asubuhi. Labda minyi mwenyewe njo nitaisha wa kwanza, mbele ya kiti.”

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu iliishia chini ya kiti. Leo mikono yangu imelika bila mnyororo, na randa naiona nzito. Wewe ukiombwa meza mpya yenye sura ya kale, na mwenye kuomba anaipenda hivyo, mfanyie vizuri, ni kazi. Lakini akija mtu mwenye woga, usimchongee chochote. Mwambie kwanza arudi nyumbani akaseme ukweli. Woga haufunikwi kwa moshi.

Nimechoka, acha nipumzike. Mungu akupe kiti utakachokichakaza mwenyewe, na watu wasiokuogopa kando ya moto wako.