Msiba wa Pacha Wangu

Watu wa kijijini kwetu Izigo hunitania kwamba Bukoba mjini naijua kwa kusimuliwa tu. Hawako mbali na ukweli. Mimi ni mtu wa nyumbani, na mgomba ule wa nyuma ya jiko nimeuona karibu kila siku ya maisha yangu. Nilipozaliwa, kondo langu la nyuma lilifukiwa pale shinani, ndiyo desturi yetu, na tangu hapo mama akauita pacha wangu.

Mwaka juzi pacha akaugua. Majani yakanyong'onyea, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa. Bwana shamba alipokata shina, likatoa usaha wa manjano.

"Mnyauko huu. Ng'oeni wote, mfukie. Mkichelewa, nyuki na mapanga vitaupeleka kwa jirani."

Jirani ni mjane anayelea wajukuu. Kibanja chake cha migomba kimegusana na chetu, na hana kingine.

"Kang'oe wa kwako," mama akamjibu. "Huu una mwanangu chini yake."

Bwana shamba alipoondoka, nilijaribu na mimi, kwa elimu yangu ya kidato cha nne. Nikataja bakteria.

"Waitu, mwanangu, Baiolojia ulipata ngapi vile?" mama akauliza.

Jibu alikuwa analijua.

Lakini jioni nikiwasikia wale wajukuu wakigombania ukoko wa ndizi kwa bibi yao, nilikuwa nairudisha sahani jikoni haijaisha.

Asubuhi moja nikavaa koti la marehemu baba, lile la kanisani. Nikatandika nyasi kama msibani, nikasimama mbele ya mgomba, nikaanza wasifu kwa sauti ya katekista.

"Marehemu alizaliwa siku moja nami, ila yeye alifanya kazi. Alizaa mikungu, mimi nikaila. Hakuwahi kumjibu mama. Sasa anaumwa, na hataki kumwambukiza jirani aliyempikia mama siku ile tulipozaliwa."

Mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Halafu kicheko kikaisha, akabaki ameketi.

"Kweli alinipikia," akasema. "Na yeye mwenyewe alikuwa na homa." Akajifuta macho kwa kanga. "Lete panga. Nitaanza mimi."

Akakata. Mimi nikachimba shimo, nikihema kama mzee.

Jirani, aliyesikia kwetu kuna msiba, akatokea na sufuria ya ndizi na maharage. Kuona marehemu ni mgomba, akageuka arudi nayo.

"Weka hapo," mama akasema. "Mfiwa ana njaa."

Tukala palepale kwenye nyasi. Jirani akalitazama shimo.

"Na mimi ninao mmoja, kule pembeni. Majani yake siyapendi."

Mama akainuka, akaliingiza panga kwenye moto wa jikoni mpaka likapata joto la kuua ugonjwa, akanikabidhi.

"Nenda na mama yako huyu. Pacha hayupo tena. Sasa utafanya kazi wewe."