Mtani wa Mzee Komba

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo, sabuni ya mche na Mzee Komba. Makao yetu ya wasiojiweza yalikuwa nyuma ya Kariakoo, upande wa kuteremkia Jangwani. Kazi yangu iliitwa uhudumu: kuogesha, kulisha, kufua. Urafiki haukutajwa, mpaka Matroni, mama wa Kichaga aliyetusimamia, aliponiambia, "Kijana, shibe tunawapa. Wa kupiga nao soga je?"

Mzee Komba, Mngoni wa Songea, alikuwa amepona ukoma lakini vidole vilikuwa vimekwisha. Wenzake walikula sinia moja. Yeye alikula peke yake nyuma ya jiko. Bwana Ustawi, ndivyo tulivyomwita afisa wa ustawi wa jamii, alipokuja kukagua alisema, "Akiendelea kutengwa hivi, mvua zikiisha tutamrudisha kambi ya wakoma." Mzee Komba alisikia. Siku hiyo hakula.

Enzi zile kuulizana makabila kazini hakukupendeza. Sote tulikuwa ndugu. Niliuliza chinichini, nikamletea Wangoni wawili. Waliamkiana kwa adabu, wakanyamaza mpaka chai ikapoa.

Kisha akaletwa Mzee Maganga, Mnyamwezi, hamali wa zamani wa sokoni aliyepofuka. Mchana wa kwanza, wakati wa chakula, aliuliza nani anakohoa peke yake nyuma ya jiko.

"Mzee Komba, Mngoni," nikamjibu.

"Mngoni? Mtumwa wangu anakula bila kunikaribisha?"

Akapapasa ukuta hadi kule, akatia mkono kwenye sahani ya mwenzake. Nilikimbia kumzuia. Mzee Komba akasema, "Mwache. Wabeba mizigo hawa, nani aliwafundisha kunawa?"

"Na ninyi mliopora ng'ombe wa watu, mlinawia wapi?"

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia Mzee Komba akicheka. Matroni akanivuta kando. "Usiwaingilie. Hao watani."

Wengine walianza kusogea wasikilize matusi. Baada ya muda sinia nalo likahamia nyuma ya jiko.

Mvua zilipoisha, gari lilikuja. Mzigo wa Mzee Komba ulikuwa umeshafungwa. Mzee Maganga akaupapasa, akaukalia.

"Mzee, huo si wako," alisema Bwana Ustawi.

"Cha mtumwa wangu ni changu. Kwani wewe kabila gani?"

Bwana Ustawi alisita. "Mzaramo."

"Kumbe na wewe wangu. Hebu ondoa sinia hilo, tumeshakula."

Bwana Ustawi alilitazama sinia, na wazee waliokuwa bado wamelizunguka. Akainama akalibeba hadi jikoni, akicheka. Gari likarudi tupu.

Baadaye nilipelekwa Morogoro, Lindi, Tabora. Kila kituo nilianza kwa kuuliza nani ana mtani hapa. Sasa nimestaafu, ila miguu yangu haitulii, na kila nikirudi Kariakoo napita pale. Pamejengwa ghala. Mzee Komba aliishi pale mpaka mwisho wake, na sikuwahi kumsikia Mzee Maganga akimwita rafiki.