Korongo Niliyemwandika Kwenye Fomu

Aliyeniingiza katika mambo ya kuhesabu ndege ni daktari wa meno wa kliniki moja ya Oud Metha, Dubai, ambako nilikuwa askari wa mlangoni. Alikuwa mama wa Kihindi wa makamo. Kila Januari yeye na wenzake wa kujitolea waligawana mji vipande vipande, wakahesabu ndege waliokuja kukimbia baridi ya kaskazini. Siku moja alinikuta nimeduwaa nikimtazama hudihudi akidonoa bustani ya kliniki. Nikamweleza kwamba nimekulia Mwea, na utotoni kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege wasimalize mpunga wetu.

"Basi huenda unawajua kuliko mimi," akasema. "Ijumaa una off?"

Akaniazima darubini, akanipa fomu na kipande changu: ukanda wa matope kando ya Khor, mkono wa bahari unaoingia mjini.

Ijumaa nilihesabu yangeyange, shakwe, na vijindege vya miguu mirefu ambavyo, kwa kutojua majina yao, nilivichora pembeni mwa fomu. Kisha ndege mmoja mkubwa mweupe akapita juu ya winchi za majengo, mabawa yake meusi kwa nyuma. Nikaandika: korongo mweupe, mmoja, mdomo mwekundu, miguu myekundu. Hao tulikuwa tukiwaona Mwea wakifuata trekta, na mimi nilikuwa na miaka miwili sijafika nyumbani.

Kesho yake daktari alinijia mlangoni na fomu mkononi.

"Korongo hapa ni nadra. Mdomo wake uliuona?"

"Niliuona, madam."

Alifurahi, akasema ataituma. Hapo ndipo utulivu uliponitoka. Nilisimama mlangoni nikibadilisha mguu huu na huu. Wagonjwa walinisalimu mara mbili ndipo nikasikia. Kwenye chumba chetu cha Muraqqabat tulilala wanawake sita, na mwenzetu wa kutoka Tanga, wa kitanda cha chini, alichoka nami.

"Una nini wewe, dada? Unapanda na kushuka tangu utoke kazini."

Nikamweleza kwamba sina hakika na ule mdomo. Akacheka.

"Ndege? Kwani kafeel aliyekuajiri atakufukuza kwa ajili ya ndege? Khalas, yaache."

Alisema kweli, hakuna ambaye angenifanya lolote. Lakini kule kazini hata daftari la wageni nililoandika lilipitiwa upya na sir, msimamizi wetu. Ile fomu ilikuwa kitu pekee Dubai ambacho watu walikikubali kwa neno langu tu.

Siku tatu nilidamka mapema, nikapanda basi hadi kwenye matope kabla ya zamu. Asubuhi ya tatu flamingo waliruka kwa pamoja, na kati yao alikuwemo mmoja mchanga, mweupe bado, mabawa meusi kwa nyuma. Jua lilinipiga machoni, mdomo wake sikuuona. Nikajaribu kumrudisha akilini yule wa Ijumaa. Mabawa yalikuja. Mdomo nao ulikuja, lakini ulikuja na udongo uliolimwa na leso ya mama yangu. Ulikuwa mdomo wa Mwea.

Nilimvizia daktari kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Madam, mdomo sikuuona. Miguu pia."

Alishusha barakoa. "Kwa hiyo si korongo?"

"Huenda ni yeye. Huenda ni flamingo mchanga. Niliona mabawa tu."

"Nimeshaituma. Wenzangu wamefurahi mno." Alipandisha tena barakoa. "Njoo saa ya chakula."

Saa ya chakula alifungua kompyuta, akaniambia niseme nilichoona, hicho tu. Akaandika: ndege mkubwa mweupe, mabawa meusi kwa nyuma, hakutambulika. Hakunisifu, wala hakunilaumu. Kwa wiki kadhaa alinipita mlangoni kwa salamu fupi, na kila alipopita nilitamani aseme neno moja zaidi.

Januari iliyofuata alinipa fomu tena, safari hii na mwenzangu, fundi mstaafu wa magari. Nilijua ni kwa sababu gani, na iliniuma. Tulikwenda. Tulibishana karibu nusu saa juu ya shakwe mmoja aliyesimama kwenye bomba, yeye akitaja jina hili, mimi lile, hadi shakwe mwenyewe akachoka akaruka. Mwishowe tukaandika: shakwe, mmoja.