Laptop Yangu na Nailoni Yake

Waranti ilikuwa inaisha kesho yake, na laptop ilikuwa inachemka kama pasi halafu inajizima. Nikatoka Mbagala nimefura, nikawawakia pale dukani mbele ya wateja wote: "Mmeniuzia kimeo! Leo mtanipa nyingine!"

Fundi wao, dada mmoja mpole, akaipima. Diski nzima, memori nzima, feni nzima.

"Kwa hiyo mie mwongo?" nikafoka.

Akaigeuza. "Mama, mbona nailoni ya kiwandani hujaibandua? Imeziba matundu ya feni."

Mwaka mzima nilikuwa naitunza isichubuke, kama makochi na rimoti za nyumbani kwangu! Alipoanza kuibandua, nikamfokea tena:

"Wee, taratibu, utaichana!"