Filamu Iliyochanjwa Chale

Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza nilirudi Newala kwa likizo ya masomo yangu ya shahada ya pili, nikiwa na rasimu ya tasnifu kuhusu chale za Wamakonde. Nilifikia kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye mashavu yake yalijaa chale hizo. Katika kurasa zangu zote sikuwa nimemuuliza neno.

Chumba cha uani alikuwa amempangisha mwanamke mmoja mtengenezaji filamu, aliyeikimbia nchi yake Ulaya wakati wa vita na kuhamia Tanganyika. Hakutumia kamera. Alifuta picha za filamu kuukuu kwa dawa mpaka ukanda ukabaki mwangavu kama kioo, kisha akakwaruza mistari kwa sindano, katika nafasi ya kila picha iliyofutika. Maji ya kuoshea ukanda huo mama mkubwa aliyapandisha kichwani kutoka bondeni.

Mchana mmoja tulifunga madirisha, mpangaji akazungusha projekta yake ya mkono. Ukutani hatukuona kitu ila mwanga na vivuli vyembamba kama nywele. Ilikuwa kazi ya miezi mitano. Aliniambia kwa Kiingereza, taratibu sana, kwamba anafunga sanduku na hatatengeneza filamu tena.

"Anasemaje?" mama mkubwa akauliza.

"Kazi imeharibika, mama."

"Haijaharibika. Amechanja, hajatia mkaa. Wewe msomi mzima hukuliona hilo?"

Nilisita. Ilikuwa dhihaka? Na "kuchanja" nitumie neno la mganga, la hospitali, au la fundi wa chale? Nilikuwa nikiyapima yote matatu huku mpangaji akikunja ukanda wake. Mama mkubwa akanisukuma bega.

"Sema, we! Au Kiingereza kimekuishia?"

Nikasema. Mpangaji akaacha kukunja ukanda, akampa mama mkubwa. Mama mkubwa akasaga mkaa, kama ule unaotiwa kwenye chale mbichi ziwe nyeusi, akauchanganya na mafuta ya nyonyo, akausugua kwenye ukanda kwa kidole gumba, akapangusa. Mkaa ukabaki ndani ya mikwaruzo tu.

Projekta ilipozunguka tena, ukuta ulijaa mistari myeusi. Ikapinda, ikakatika, ikakimbia, ikarudi. Chale nilizoziandika kama mambo yaliyokwisha zilikuwa zikitembea mbele yangu.

"Bado hafifu," mama mkubwa akaamua. "Mimi nilichanjwa upya mara tatu. Mwambie arudie."

Safari hii nilitafsiri papo hapo. Mpangaji akachukua sindano na ukanda wake, akavuta kigoda mpaka miguuni pa mama mkubwa, akaniomba nimuulize aanzie wapi.